Mabadiliko Mawili

Ng'ombe wa bibi ndiye aliyejua kwanza. Kila tulipoingia bandani kumpelekea majani, aliyaacha majani akaitafuta mikono yetu. Alianza na dada yangu, kwenye kiwiko, akapanda mpaka shingoni, ulimi ukikwaruza kama msasa, na dada akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. Kisha akanigeukia mimi. Binamu zetu walinyoosha mikono yao, wakanuswa tu, wakaachwa.

"Anawajua wa kwake," bibi alisema kwa fahari, kwa sababu dada alibeba jina lake.

Mama, aliyekuwa amepanda kutoka mjini kwa ajili ya Krismasi, alisema hata yeye akitubusu anabaki na chumvi mdomoni, kama mtu aliyelamba lile jiwe la chumvi la ng'ombe. Tukacheka wote. Tulikuwa na ugonjwa ambao hakuna mtu wa mlimani kwetu aliyewahi kuusikia, ulikuwa unatutoka kwenye ngozi mbele ya macho ya kila mtu, na sisi tuliufurahia.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na jina hilo lina kazi zake. Dada alipotimiza miaka sita alipelekwa kukaa na mwenye jina kwenye kihamba, nyumba yetu ya ukoo iliyozungukwa na migomba na kahawa, juu kabisa ya barabara. Mimi, wa pili, nilichukua jina la bibi mzaa mama. Huyo alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kupelekwa kwake. Nilibaki na wazazi Njoro, mjini Moshi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko la gesi. Hivyo ndivyo tulivyogawanywa. Katika familia yetu husemwa kwamba hakuna aliyetuchagulia, na mimi nimechoka kulisikia hilo.

Jiko la bibi lilikuwa kibanda chenye mafiga matatu na dirisha la ukubwa wa sahani. Moto wake haukuzimwa. Asubuhi ulichemsha maziwa, mchana ndizi, jioni kiburu, zile ndizi zinazopondwa pamoja na maharage, na katikati ya kazi hizo ulikausha mahindi darini. Bibi aliupenda moshi wake. Aliamini unafukuza wadudu kwenye mahindi na baridi kwenye kifua. Dada alikaa pale kwenye kigoda, akipuliza makaa. Kila Desemba tulipopanda nilimkuta na sauti iliyozidi kuwa nzito, sauti ya mtu mzima, nikamwonea wivu. Nilidhani ni sauti tu.

Tulikohoa sote wawili. Mimi nilikohoa zaidi wakati wa masika, na puani mwangu mliota vinyama vilivyokatwa mara mbili. Yeye alikohoa mwaka mzima. Zahanati ya kule juu ilimpa dawa za kifua kikuu, akazimaliza. Baada ya miaka mitatu wakampa tena, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vijidudu vya ugonjwa huo. Shuleni alitengewa kikombe. Lakini hakukonda, na hilo ndilo lililomponza. Mgonjwa wa kifua, kwa watu wetu, ni yule aliyebaki mifupa. Dada alikuwa na mashavu.

"Huyu anaumwa wapi?" akina mama walimuuliza bibi wakitoka ibadani, huku wanamfinya. "Mtu anamaliza sahani ya ndizi kama fundi wa nyumba, halafu mnasema anaumwa!"

Shangazi yetu wa Sanya Juu, dada wa baba, alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila sikukuu: "Anajiendekeza." Alilisema huku akimpakulia nyama, kwa upendo kabisa.

Nilikuwa kidato cha nne, na dada ameshamaliza shule na kurudi jikoni, tulipokutana na daktari ambaye hakuanza na makohozi. Ilikuwa kwenye hospitali kubwa ya mjini. Yeye alimuuliza mama swali ambalo mama alilicheka:

"Ukiwabusu hawa, wana ladha gani?"

Mama akacheka, akamsimulia habari za ng'ombe. Daktari akaacha kuandika. Siku ile ile tulichukuliwa jasho mikononi, na wiki iliyofuata damu. Damu ilipelekwa nje ya nchi. Tukasubiri mpaka tukakaribia kusahau.

Siku ya majibu mama alikuwa kazini. Tulikwenda na baba. Daktari alikuwa mtu mwangalifu, na aliona aibu kuzungumza Kiingereza mbele ya mzee aliyevaa koti la ibada siku ya Jumanne. Alitafuta Kiswahili, na alikipata.

"Mzee, majibu yamerudi. Kwenye vinasaba vya mabinti zako tumekuta mabadiliko mawili."

"Mabadiliko!" baba akasema.

"Ndiyo. Mawili."

"Kwa wote?"

"Kwa wote wawili, yale yale."

Baba akasimama, akaukamata mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili. Daktari akadhani mzee ameyapokea kwa ujasiri. Hapo hapo nesi akachungulia mlangoni kumwita, kuna mtoto amezidiwa wodini, na daktari akatuomba turudi wiki inayofuata pamoja na mama, kwa sababu kuna mengi ya kueleza. Akatoka mbio.

Aliyewahi kuuguza anajua kilichompata baba. Kwa miaka kumi alimpigia bibi simu kila asubuhi akiuliza swali moja: kuna mabadiliko? Na bibi alijibu: bado. Wodini manesi huuliza hivyo hivyo wanapopita kitanda kwa kitanda. Ukiambiwa mgonjwa ana mabadiliko, unatafuta nguo zake za kurudi nyumbani. Baba hakuwa na maana nyingine ya neno lile, na daktari hakukumbuka kwamba ipo.

Mimi nilikuwa nayo. Shuleni tulisoma biolojia kwa Kiingereza, na neno lile, kwa Kiingereza, lilikuja kwetu na mchoro wa nzi aliyezaliwa na mabawa yaliyosinyaa kwa kasoro ya vinasaba. Nilielewa kabla baba hajasimama. Nikanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na pale koridoni alikuwa analia na simu sikioni: "Mama, shikamoo. Kuna mabadiliko! Nakwambia mawili! Kila mmoja!"

Dada alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa benchi.

"Mbona wewe hufurahi?"

Nikamweleza kwa kunong'ona habari ya nzi.

"Kwa hiyo mimi ni nzi," akasema.

"Sote ni nzi."

"Wewe una mabawa, mwenzangu." Akakohoa kwenye kanga, akaikunja upande ule ili mtu asione. "Usimwambie. Mwache afurahi mpaka Jumapili."

Jumapili ilikuwa shukrani. Bibi aliwatangazia majirani, majirani wakalitangazia kanisa, na familia nzima ilipita mbele ya madhabahu katika mistari miwili, na kuku, na maziwa, na ndizi, kwaya ikiimba. Mchungaji alisema familia hii inamshukuru Mungu kwa mabadiliko aliyowatendea watoto wao. Dada alibeba mkungu mzima kichwani kwa sababu bibi alitaka watu waone nguvu zake. Katikati ya kanisa kikohozi kikamkamata. Akina mama wakapiga vigelegele kukifunika, na kadiri alivyokohoa ndivyo walivyozidisha, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka chini ya mkungu. Nje, baada ya ibada, sadaka zilipigwa mnada kama kawaida. Mzee mmoja aliyenunua ule mkungu alimrudishia mwenyewe kama zawadi. "Kula, mwanangu, sasa umepona," akamwambia. Dada akapiga goti, akasema asante.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa daktari tukiwa wanne. Alichora mistari kwenye karatasi. Akasema kila mtu ana nakala mbili za kila chembe ya urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na kuna chembe moja inayosimamia chumvi na maji mwilini. Ikiharibika, jasho linakuwa na chumvi nyingi na ute wa ndani unakuwa mzito kama gundi, unaziba njia. Nakala tuliyopata kwa baba ilikuwa na badiliko zito, ambalo halibakizi kitu. Ile ya mama ilikuwa na badiliko jepesi, ambalo linaacha chembe ifanye kazi kidogo. Mwenye nakala moja tu mbovu haumwi, ndiyo maana wazazi wetu walikuwa wazima.

"Ya kwangu ndiyo nzito," baba akasema.

"Si kosa lako, mzee."

"Sijauliza kosa. Nimeuliza ni ya nani."

"Ni ya kwako."

Baba aliitazama kofia yake magotini. Mama akauliza kuhusu chakula, mbona wagonjwa wa namna hii anasikia hukonda na wetu wana mashavu. Daktari akafurahi kupata swali lenye jibu. Akasema hapo ndipo karatasi hii inaposema kweli: hilo badiliko jepesi linatosha kulinda kongosho, kwa hiyo tutakula na chakula kitatukaa mwilini, sote wawili.

"Na kifua?" dada akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Kifua karatasi hii haikisemi vizuri," daktari akajibu. "Ndugu wawili wenye mabadiliko yale yale wanaweza kuachana sana. Kuna chembe nyingine ambazo hatujazipima, kuna vijidudu anavyokutana navyo mtu, kuna hewa anayovuta. Siwezi kukudanganya."

Alitufundisha kusafisha kifua: unalala kwa ubavu, kichwa chini, na mwenzako anakupiga mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama vikombe mpaka ute uachie. Mama alinipiga hivyo kila asubuhi kabla ya chai kwa miaka mingi. Huko juu dada alipigwa na bibi, ambaye mikono yake ilishachoka, mpaka bibi akashindwa kabisa. Baada ya hapo alijigonga mwenyewe, pale mkono ulipofika.

Baba hakurudi kanisani kusahihisha. Katika yote yaliyosemwa alichukua maneno mawili anayoweza kuyabeba, jepesi na yale yale, akapanda nayo mlimani. Kuanzia hapo ugonjwa wetu ulipata jina ndani ya ukoo: ule mwepesi. "Wana ule mwepesi," shangazi aliwaambia wageni, kama anavyosema mtu kuhusu mzigo au chai. Na kwa kuwa karatasi zetu zilikuwa moja, mimi nikawa ushahidi dhidi ya dada. Mimi nilikwenda chuo. Mimi nilipanda ngazi za hosteli. Mimi nilirudi nikapanga chumba Rau, huko huko mjini, nikaanza kuandika, nikawa nasoma kazi zangu kwenye vikao vya waandishi wenzangu kwa sauti isiyokatika. Dada aliposhindwa kubeba majani ya ng'ombe, baba alimuuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Mbona mwenzako?"

Hayo ya baba nimeshamsamehe. Yanayofuata ni ya kwangu.

Dada alinipigia simu mchana mmoja, akiwa amesimama kwenye kona ya kihamba ambako mtandao unapatikana. Nilisikia majani ya migomba.

"Mdogo wangu, nataka nishuke nije nikae na wewe."

"Kuna nini?"

"Nataka nihame moshi nije Moshi." Akacheka kidogo, akahema. "Kweli, siuwezi tena ule moshi. Nikitoka jikoni naona giza. Bibi atatafutiwa mtu mwingine, nimeshaongea naye. Nitalala chini, sina shida."

Chumba changu kilikuwa kimoja. Nilikuwa katikati ya riwaya yangu ya kwanza, nikiamini kwamba mtu akiingia itakimbia. Nilikuwa pia na rafiki aliyekuja mwisho wa wiki, na sikutaka dada amjue. Nilikuwa na sababu hizo tatu na sikutoa hata moja. Nilitoa karatasi.

"Dada, mimi nina ugonjwa huo huo. Karatasi yangu na yako ni moja, daktari alisema mwenyewe, yale yale. Mbona mimi napumua?"

Aliusogeza mbali mdomo wake na simu ili akohoe. Nilisubiri amalize, na nilipokuwa nasubiri niliangalia ukurasa wangu.

"Sawa," akasema. "Nisalimie mji."

Alikaa jikoni masika mawili zaidi.

Walipomteremsha alikuwa amelala kiti cha nyuma cha gari la jirani, midomo imegeuka rangi. Alikaa wodini majuma mengi, na oksijeni puani. Alipoweza kukaa, daktari wetu, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi, alituita sote wawili kwenye chumba cha kupima pumzi. Alitaka kutulinganisha. Baba alisimama mlangoni.

Mashine ilikuwa na mrija na kioo. Unavuta hewa yote, unapuliza kwa nguvu mpaka iishe, na mstari unapanda kwenye kioo. Dada alianza. Alipuliza huku ameshika meza, mishipa ya shingo imesimama, na mstari ukainuka kama kichuguu kidogo, ukalala. Akaambiwa arudie. Ukalala mapema zaidi. Kisha ikawa zamu yangu. Nilifikiria kupuliza kidogo. Nilifikiria kweli, nikiwa na mrija mdomoni, na dada akaniona.

"Usinihurumie," akasema. "Puliza."

Nikapuliza. Mstari ukapanda, ukapita mahali ulipofika wa dada, ukapita tena, ukakaa juu muda mrefu, na mtaalamu wa mashine, kijana asiyejua chochote kuhusu sisi, akasema vizuri sana, safi kabisa. Dada alinipa mkono. "Hongera," akasema. Nilitafuta kebehi katika uso wake, nikakuta amechoka tu.

Baba hakuwa tena mlangoni. Tulimkuta nje ameegemea ukuta. "Karatasi ilisema yale yale," akamwambia daktari, kama mtu anayedai bidhaa aliyoahidiwa.

"Ilisema, mzee. Haikusema kifua."

"Ni moshi?" dada akauliza. "Ni lile jiko?"

"Huenda."

"Niandikie."

"Nini?"

"Andika kwenye faili kwamba ni moshi. Wao huamini karatasi."

Daktari akasema hawezi kuandika asichoweza kuthibitisha. Inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa vijidudu alivyovipata mapema, inaweza kuwa chembe nyingine ambayo yeye anayo na mimi sina, inaweza kuwa miaka ile ya dawa zisizo zake. Ataandika kwamba asirudi jikoni. Dada akasema hiyo haimtoshi, lakini aandike.

Amekaa kwangu Rau mwaka sasa. Nilimpa kitanda kilicho karibu na dirisha, na kila asubuhi nampiga mgongo kwa viganja kama mama alivyonifundisha. Ananielekeza: juu kidogo, hapo, usinipapase kama kuku. Hewa ya huku imemtuliza, hajalazwa tena, lakini sehemu iliyoharibika haijarudi na daktari ameshatuambia haitarudi. Akivuka ua kwenda bombani anapumzika mara moja njiani.

Wageni wanaokuja kumwona wananisifu. Umefanya jambo kubwa kumchukua dada yako, wanasema, wengine wangemwacha. Kwa miezi mingi niliipokea sifa hiyo. Niliinamisha kichwa, nikasema ni wajibu tu, nikaongeza chai. Dada alikuwa amekaa pale pale kitandani na hakuwahi kusema kitu.

Juma lililopita shangazi alikuja na gunia la viazi kutoka Sanya Juu. Tulimwamkia, akaketi, akakitazama chumba, dirisha, dawa zilizopangwa, akashika mkono wangu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umemchukua mwenzako. Na huo ulikuwa ule mwepesi tu!"

"Sikuchukuliwa, shangazi," dada akasema.

Shangazi akamgeukia akitabasamu, akidhani ni utani.

"Niliomba kuja. Nilimpigia simu nikamwambia moshi unaniua. Akasema mbona yeye anapumua." Akavuta hewa kwanza, hakuharakisha. "Masika mawili kabla ya kulazwa. Alikataa."

Shangazi aliweka kikombe chini. Alinitazama mimi, akisubiri nikanushe ili tuendelee na mazungumzo, na niliona kwamba akisikia neno langu moja atalichukua na kuondoka nalo, na ukoo mzima utasema dada ameanza kuchanganyikiwa kwa ugonjwa. Ingekuwa rahisi. Wangeniamini. Wameniamini mimi maisha yangu yote, kwa sababu napumua vizuri.

"Ni kweli, shangazi," nikasema. "Alivyosema ndivyo ilivyokuwa."

Shangazi akavuta kanga mabegani, akasema viazi vya mwaka huu vimekuwa vidogo, mvua ilichelewa. Dada akamwambia hata vidogo vinapikika. Kisha akalala kwa ubavu, akanigeuzia mgongo, akavuta blauzi juu.

"Haya," akasema. "Leo hujanipiga."